Kisangani: Tembre ni ya zamani, lakini kashe je? Namna ya kutambua muhuri wa kweli kwenye karatasi za kiwanja

Katika komine Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, ugomvi wa kiwanja mara nyingi huanzia kwenye bahasha. Mzee amefariki, matanga yamekwisha, watoto wanafungua sanduku la bati na kutoa karatasi za nyumba. Siku chache baadaye mtu mwingine anabisha mlangoni, naye ana karatasi yake. Ina rangi ya chai, imekunjwa mara nne, ina tembre kwenye pembe ya chini na kashe ya mviringo juu ya tembre. Anasema kiwanja hicho baba yake alikinunua mwaka 1969, na serikali yenyewe ilipiga muhuri.

Hapo kila mtu anatazama majina na sinyatire. Wazee wa mtaa wanaulizwa kama wanaikumbuka sinyatire hiyo, na nusu yao wanasema ndiyo, nusu wanasema hapana. Wachache sana huinama kutazama ile tembre. Na bado, kwenye karatasi ya umri huo, kile kipande kidogo chenye meno pembeni pamoja na muhuri uliokifuta ndivyo vinavyoweza kusema mengi zaidi.

Tembre ya kodi haifanani na tembre ya posta kwa kazi yake, hata kama kwa macho zinafanana. Ya posta inalipa safari ya barua. Ya kodi inaonyesha kwamba mwenye karatasi amelipa haki ya serikali kwa ajili ya mkataba, cheti au ombi. Baada ya kubandikwa, lazima ifutwe, maana isipofutwa mtu ataibandua na kuitumia tena. Kuifuta maana yake ni kupiga kashe, kuandika tarehe au kutia sinyatire, na alama hiyo ipite nusu juu ya tembre na nusu juu ya karatasi yenyewe. Ule mstari unaovuka ukingo wa tembre ndio unaoifunga tembre kwenye karatasi hiyo, siku hiyo, biro hiyo.

Wadanganyifu wa kashe hawakuzaliwa Kisangani. Wakusanyaji wa stempu wa Ulaya wamepambana nao kwa zaidi ya miaka 100, na mengi yanayojulikana leo juu ya mihuri ya uongo yametoka kwao. Mfano unaojulikana sana uko hapa jirani. Kuanzia mwaka 1922, serikali ya Kiingereza katika Kenya na Uganda ilitoa stempu zilizotumika kwa posta na kwa kodi pia, na bei zake zilipanda hadi pauni 100. Hakuna mtu aliyetuma barua kwa pauni 100. Stempu hizo kubwa zilikwenda kwenye mikataba na hati, zikafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi. Lakini mkusanyaji analipa pesa nyingi zaidi kwa stempu yenye muhuri wa posta. Basi wajanja walifanya hesabu yao: wakaosha wino wa kalamu kwa dawa, kisha wakapiga juu yake muhuri wa posta waliojitengenezea.

Ujanja huo uliacha alama. Dawa inayoondoa wino inaondoa pia mng'ao wa karatasi na kupausha rangi. Wachapishaji wa stempu za makoloni ya Uingereza walikuwa wamejiandaa: walitumia makusudi rangi zinazoyeyuka, ili anayejaribu kuosha aharibu stempu yenyewe. Na chini ya taa ya miale ya zambarau, ile ambayo wabadilisha pesa wengi hutumia kupima noti za dola, mstari wa kalamu uliooshwa mara nyingi hujitokeza tena kama kivuli.

Huko London kulikuwa pia na mihuri ya uongo inayojulikana kwa jina la Madame Joseph. Ilikuwa mamia, ya miji ya makoloni mbalimbali, na ilitumika kwa miaka mingi kufuta stempu ambazo hazijawahi kuona posta. Leo chama cha Royal Philatelic Society London ndicho kinachoitunza, na alama zake zimechapishwa kitabuni ili wanunuzi wazitambue. Kilichowaumbua watu hao ni uvivu zaidi ya ubaya wa kazi. Muhuri wa kweli wa posta hubadilishwa tarehe kila asubuhi. Muhuri wa uongo mara nyingi una tarehe moja tu iliyochongwa, au chache, na tarehe hizo zinarudi kwenye stempu nyingi zisizohusiana. Anayezikusanya mahali pamoja anaona mji mzima ukifanya kazi siku moja tu kwa miaka 20.

Kongo nayo haikubaki nje. Mwaka 1894 serikali ya Léopold II, iliyoitwa Dola Huru la Kongo, ilitoa stempu zenye picha, na ile ya santimu 10 ilionyesha maporomoko ya Stanley Falls, yaani maji haya haya ambayo Wagenia wanayavua samaki mpaka leo. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwezi wa 11 mwaka 1908, akiba ya stempu za zamani haikutupwa. Ilipigwa maneno CONGO BELGE kwa mkono, nyingine Brussels, nyingine huku Kongo kwenyewe. Muhuri wa mkono unaigizwa kirahisi, na uigaji ulianza mapema. Ndiyo maana katalogi za Ubelgiji zinatenga chapa ya Brussels na chapa ya huku, na wanunuzi wenye busara hawalipi kabla ya mtaalamu kuzipima herufi.

Tofauti ni kwamba mkusanyaji akidanganywa anapoteza pesa. Familia ya Makiso ikidanganywa inapoteza nyumba.

Basi karatasi ya kiwanja inaanza kusomwa wapi? Kabla ya lensi na taa, inasomwa kwa historia, na hapo mkaaji wa Kisangani ana faida kuliko mtaalamu yeyote wa London, maana nchi hii imebadilisha majina na pesa mara nyingi mno. Franga ilitumika hadi tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 1967, ilipoingia zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na franga 1000, au makuta 100. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo ya sasa. Jina la mji lilikuwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Nchi iliitwa Zaire kuanzia tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka 1971 hadi mwezi wa 5 mwaka 1997, na katika miaka hiyo jimbo liliitwa Haut-Zaïre. Jimbo la Tshopo limezaliwa mwaka 2015 kwa kugawanywa kwa Orientale. Kabla ya hapo Tshopo ilikuwa wilaya, na pia ni komine na ni mto, kwa hiyo neno hilo peke yake halitoshi kumshtaki mtu. Lakini kashe inayosema jimbo la Tshopo kwenye karatasi ya mwaka 1988 ni uongo.

Turudi kwa yule mgeni na karatasi yake ya mwaka 1969. Ikiwa bei kwenye tembre imeandikwa kwa makuta au zaire, hilo linawezekana. Ikiwa kashe inasema République du Zaïre, haiwezekani: mwaka 1969 hakuna aliyejua kwamba nchi itapewa jina hilo. Na ikiwa kashe bado inasema Stanleyville?

Hapa watu wengi wanakosea. Wanaona jina la zamani na kupiga kelele kwamba ni bandia. Lakini ofisi ya serikali haitupi muhuri siku jina linapobadilika. Muhuri mpya unaagizwa, unachelewa, na karani anaendelea na wa zamani. Mwaka 1997 karatasi zenye kichwa cha Zaire ziliendelea kutumika, neno hilo likiwa limekatwa kwa biki. Kashe ya Stanleyville kwenye karatasi ya mwaka 1969 ni ya kuulizwa maswali, ila si ya kuhukumiwa palepale. Jina kuchelewa linawezekana. Jina kutangulia haliwezekani. Mdanganyifu anayefanya kazi leo anajua majina yote, ya zamani na ya sasa, na hatari yake kubwa ni kuchanganya: anaweka neno la kesho kwenye karatasi ya jana.

Vivyo hivyo kwa tarehe. Kalenda ya zamani inapatikana kwenye simu yoyote, na kuangalia kama tarehe ya kashe iliangukia Jumapili ni kazi ya dakika moja. Siku za historia nazo zinasaidia. Karatasi ya Stanleyville yenye kashe ya tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1964, siku askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliposhuka mjini kuwaokoa mateka wa Simba, inabidi ieleze ni biro gani iliyofungua mlango asubuhi hiyo. Karatasi ya tarehe 5 hadi 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, siku sita za mapigano ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya Kisangani, nayo ina maelezo ya kutoa. Lakini tahadhari: kashe ya tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 1974 inaweza kuwa ya kweli kabisa. Mwaka huo Mobutu aliondoa Noeli kwenye siku za mapumziko, na tarehe hiyo ilikuwa Jumatano ya kazi kama nyingine.

Kama historia haikutoa jibu, ndipo lensi inaingia. Ile ndogo ya fundi saa inatosha kwa kuanzia. Kashe ya mpira ikipigwa, wino unasukumwa pembeni mwa herufi, kwa hiyo ukingo wa kila herufi unakuwa mweusi zaidi kuliko katikati. Muhuri wa chuma unauma karatasi, na kidole kikipita nyuma ya karatasi kinaweza kuhisi. Picha ya kashe iliyotolewa na mashine ya kompyuta haina kimoja kati ya hivyo: chini ya lensi unaona vitone vya rangi ya bluu, waridi na njano vilivyotawanyika kama vumbi. Anayeona vitone hivyo kwenye karatasi ya mwaka 1969 hahitaji kuendelea.

Mjanja zaidi hatumii mashine. Anapeleka fotokopi ya kashe ya zamani kwa mchongaji wa mihuri, naye anamtengenezea ya mpira kwa bei ndogo. Wino utakuwa wa kweli, ukingo utakuwa mweusi. Hapo dawa ni kulinganisha. Muhuri unaotumika kila siku unachakaa: herufi moja inavunjika mguu, duara linapasuka upande mmoja, uchafu unajaza tumbo la herufi O. Na uchakavu hauponi. Ikiwa kashe ya ofisi fulani ilikuwa imepasuka mwaka 1968, haiwezi kuwa nzima mwaka 1970 kama ni kashe ileile. Ikiwa karatasi inayogombaniwa ni ya mwaka 1968 nayo inaonyesha mpasuko ambao kwenye karatasi nyingine ulitokea mwaka 1973, kashe imepigwa baadaye, hata kama chombo chenyewe ni cha kweli.

Na karatasi nyingine ziko wapi? Ziko kwa majirani. Nyumba za barabara moja mara nyingi ziliandikishwa miaka ileile, katika biro ileile. Familia nne au tano zikileta karatasi zao mezani, kunakuwa na orodha ya kashe zenye tarehe, na karatasi ya sita haina pa kujificha. Ni ajabu kwamba katika ugomvi mwingi jambo hilo la bure halifanyiki, huku watu wakilipa avoka miezi na miezi. Kumbukumbu nyingi za utawala wa Kibelgiji ziko Brussels, mbali na mfuko wa mkaaji wa kawaida. Sanduku la jirani liko karibu.

Hatari ya muhuri wa kweli katika mikono mibaya inabaki kuwa ngumu kuliko zote. Mji huu umepitia vita vya mwaka 1964, maasi ya mwaka 1966 na ya 1967, kisha vita vya 1999 na 2000. Pale ambapo mlango wa biro umevunjwa, muhuri na tembre ambazo hazijatumika vinaweza kutembea. Mtu mwenye vyote viwili anaweza kutengeneza leo karatasi ya mwaka 1969 yenye tembre ya kweli na kashe ya kweli. Majina hayatamsaliti, wala herufi.

Kinachomsaliti ni karatasi. Kisangani iko karibu na mstari wa ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na karatasi ya miaka 50 hapa haikai bila kuumia. Imekunjwa, na kwenye mkunjo nyuzi zake zimevunjika. Wino ukipigwa juu ya mkunjo uliokwisha kuvunjika, unaingia ndani ya nyufa na kutapakaa. Ukipigwa kabla ya mkunjo, unakatika kwa usafi pamoja na karatasi. Wadudu wametoboa. Ikiwa kingo za tundu zina wino kwa ndani, basi mdudu alikula kwanza na karani akapiga kashe baadaye, jambo ambalo karani wa mwaka 1969 hakuweza kulifanya. Pini ya chuma imeacha kutu: kutu iko juu ya wino au chini yake? Rangi ya chai nayo inasema. Karatasi iliyozeeka yenyewe ni nyeusi zaidi pembeni, pale hewa na mikono ilipofika, na ni nyeupe zaidi pale palipofunikwa. Iliyochovywa kwenye chai kweli ina rangi sawa kila mahali, hata ndani ya mkunjo.

Taa ya wabadilisha pesa inarudi hapa pia. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha iliyoanza kuenea viwandani baada ya mwaka 1950, na chini ya taa hiyo zinawaka weupe wa bluu. Hati inayojiita ya mwaka 1938 na kuwaka hivyo imejihukumu. Hali kadhalika sinyatire ya biki kwenye hati hiyo, kwa kuwa kalamu za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa wingi baada ya Vita ya Pili ya Dunia tu. Kwa karatasi ya miaka ya 1960 na kuendelea, kuwaka au kuwa na biki hakuthibitishi kitu.

Kuna mtego mwingine, wa tembre iliyohamishwa. Tembre na sehemu ya kashe vinabanduliwa kwa maji kutoka kwenye karatasi moja isiyo na thamani na kubandikwa kwenye nyingine. Ndiyo sababu ule mstari unaovuka ukingo ni muhimu. Mdanganyifu inabidi amalizie duara kwa mkono au kwa kashe nyingine, na kwa lensi unaona mistari miwili ikikutana vibaya, kama reli iliyopindishwa: unene tofauti, wino tofauti, duara lisilo duara. Kashe inayoishia sawasawa kwenye meno ya tembre bila kugusa karatasi hata kidogo inapaswa kumfanya kila mtu avute kiti akae.

Yote haya hayamfanyi mkaaji kuwa hakimu. Tribinali inaweza kumteua mtaalamu, na ripoti yake ndiyo yenye uzito. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 124, inamtishia anayeghushi maandishi kwa nia ya kudanganya au kudhuru kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, na kifungu cha 126 kinamwadhibu vilevile anayetumia karatasi hiyo huku akijua ni ya uongo. Kwa hiyo hata anayeinunua karatasi ya namna hiyo kwa mtu wa kati hana pa kukimbilia akishaelezwa ukweli.

Na kuna jambo ambalo tembre ya kweli kabisa haiwezi kulifanya. Tembre inathibitisha kwamba haki ya serikali ililipwa, basi. Chini ya sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, haki juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za viwanja, na kifungu cha 227 kinafanya cheti hicho kiwe kigumu kushambuliwa baada ya miaka 2. Familia inayokaa na karatasi halali ya zamani bila kuifikisha huko inaweza kukuta mtu mwingine, mwenye karatasi mbovu lakini miguu mepesi, ametangulia. Miaka 2 inapita haraka, hasa katika nyumba ambamo watoto wamegawanyika kati ya Kisangani, Goma na Kinshasa na hakuna anayetaka kulipa safari.

Wakati dosie inasubiri, karatasi yenyewe inaharibiwa na wenyewe. Kosa la kwanza ni kuifunga kwenye plastiki ya moto, desturi iliyoenea sana kwa vyeti vya shule na hati za nyumba. Joto linabadilisha wino, na baada ya hapo hakuna lensi wala kidole kitakachosoma mkunjo au mwumo wa chuma. La pili ni utepe wa gundi juu ya tembre inayobanduka. La tatu ni kumkabidhi mtu karatasi ya asili na kubaki na fotokopi. Fotokopi inaonyesha kwamba kashe ipo. Haionyeshi kama ilipigwa, ilichorwa au ilichapwa. Bahasha kavu ya karatasi ndani ya sanduku, juu ya kabati na mbali na ukuta wenye unyevu, inatosha. Kabla ya kwenda popote nayo, ipigwe picha kwa simu mchana, mbele na nyuma, kisha mara moja tena tochi ikiwa imelazwa upande, ili vivuli vya mikunjo na vya kashe vionekane.